Ufundi wa kugeuza kola ya jaketi la jinzi katika mpaka wa Lwakhakha

MNUNUZI wa mitumba mwenye uzoefu hatazami kwanza mifuko wala vifungo anapolichomoa jaketi la jinzi katika rundo. Hulinyanyua kwa mabega, akaifunua kola kwa kidole gumba na kuchunguza mahali inapokunjika nyuma ya shingo. Hapo ndipo jaketi linapofichua umri wake. Mikono yaweza kuwa imara na mgongo ukawa mzima, lakini mkunjo huo ukiwa umepauka, umechanika nyuzi au umeshika uchafu usiotoka kwa sabuni, bei hushuka papo hapo.

Kushuka huko kwa bei ndiko kunakompa riziki fundi wa cherehani. Wauzaji wa mitumba nchini Kenya wana majina yao ya kugawa mali iliyotoka katika robota: nguo bora zinazochaguliwa kwanza huitwa kamera, na mabaki yanayouzwa mwisho kwa bei ya kutupa huitwa fagia. Kwa jaketi la jinzi, tofauti kati ya kamera na fagia mara nyingi ni kola peke yake. Fundi anayejua kuigeuza, kuibadilisha au kuiondoa kabisa anaweza kulitoa jaketi katika rundo la mwisho na kulirudisha katika lile la kwanza kwa kazi isiyozidi nusu siku.

Lwakhakha, mji wa mpakani ulio katika eneo bunge la Sirisia, Kaunti ya Bungoma, ni mahali ambapo kazi ya namna hiyo haikosi wateja. Jina la mji ni la mto unaotenganisha Kenya na Uganda hapo. Ng'ambo ya daraja kuna Lwakhakha nyingine, iliyo katika Wilaya ya Namisindwa, na lugha za wenyeji wa pande hizo mbili, Lubukusu na Lumasaba, zinakaribiana kiasi kwamba mteja na fundi hawahitaji mkalimani. Juu yao umesimama Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, na hewa inayoshuka kutoka huko alfajiri haimhurumii mtu aliyevaa shati tupu. Kitale nako, mji ulio takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai ni za kujikunyata.

Anayelihisi baridi hilo zaidi ya wote ni mwendeshaji wa bodaboda. Ikumbukwe kwamba neno bodaboda lenyewe ni la mpakani. Lilizaliwa Busia, si mbali sana upande wa kusini, pale waendesha baiskeli wa miaka ya 1960 walipoanza kuwavusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Pikipiki ilipochukua nafasi ya baiskeli, upepo uliongezeka, na jaketi la jinzi likawa vazi la kazi. Hata hivyo, kola yake haikubuniwa kwa ajili ya mtu anayevaa helmeti. Mkanda wa helmeti huisugua, upepo huipeperusha ikimpiga mwenyewe shavuni, na baada ya muda mkunjo wake huliwa ukabaki mweupe.

Kwa nini mweupe? Jibu limo katika kitambaa chenyewe. Jinzi hufumwa kwa nyuzi za pamba kwa mtindo wa mshazari. Nyuzi za wima, zilizotiwa rangi ya buluu, hupita juu ya nyuzi mbili au tatu za mlalo, ambazo ni nyeupe, kisha zikazama chini ya mmoja. Ndiyo maana upande wa nje wa jinzi ni wa buluu na wa ndani umepauka. Rangi hiyo ya buluu ni nili, na nili ina tabia yake: haiyeyuki katika maji ya kawaida wala haipenyi hadi kiini cha uzi. Kiwandani nyuzi hutumbukizwa ndani ya rangi na kutolewa hewani mara nyingi, na kila mara tabaka jembamba huongezeka juu ya jingine. Kiini hubaki cheupe. Kwa hiyo kila msuguano unapoondoa tabaka la juu, weupe wa ndani hujitokeza, na hakuna sehemu ya jaketi inayosuguliwa kutwa nzima kama mkunjo wa kola: ngozi ya shingo kwa upande mmoja, helmeti au mkanda wa begi kwa upande mwingine, na jasho kati yao.

Historia ya vazi hili inawapa mafundi wa barazani sababu ya kujivunia, ingawa wachache wao wamepata kusimuliwa. Jinzi ya kisasa haikubuniwa na tajiri wa kiwanda bali na fundi wa nguo. Jacob Davis, aliyekuwa akishona katika mji wa Reno, jimbo la Nevada nchini Marekani, ndiye aliyefikiria kuimarisha pembe za mifuko ya suruali za vibarua kwa misumari midogo ya shaba. Kwa kukosa fedha za kugharimia hataza, alimwandikia mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia vitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, na hataza hiyo ikatolewa Mei 20, 1873. Jaketi lilifuata suruali, likiwa vazi la wachunga ng'ombe na wafanyakazi wa reli kabla halijawa pambo la vijana wa mijini.

Kamusi za Kiswahili zina neno ukosi kwa sehemu hiyo ya nguo inayozunguka shingo. Lakini atakayemwendea fundi wa Bungoma na kumwomba amgeuzie ukosi huenda akatazamwa mara mbili. Neno la kazini ni kola, nalo ndilo linalotumika hapa.

Kola ya jaketi la jinzi ni vipande viwili vilivyoshonwa pamoja kwenye ukingo wa nje, kisha vikapigwa mshono wa juu, aghalabu kwa uzi mnene wa rangi ya dhahabu au chungwa. Ukingo wa ndani wa vipande hivyo ndio unaoishika shingo ya jaketi. Kipande cha juu, kile kinachoonekana, hukatwa kikubwa kidogo kuliko cha chini, tofauti ya milimita mbili au tatu tu, ili mshono wa ukingoni ulalie chini na ncha za kola zitazame kifuani badala ya kuinuka. Tofauti hiyo ndogo humtesa fundi asiyeijua, kama itakavyoonekana.

Njia ya kwanza, na ya bei nafuu zaidi, ni kugeuza. Huu ni ufundi wa zamani uliotumiwa kwa mashati ya watu wa ofisini enzi ambazo shati jeupe lilitarajiwa kudumu miaka. Kola hufumuliwa shingoni, ikageuzwa ili upande uliokuwa chini uwe juu, kisha ikarudishwa. Mkunjo uliochakaa hujificha, na uso ambao haujaona jua hutokea. Maelezo yake ni mafupi, lakini utekelezaji wake una mitego.

Fundi makini huanza kwa kuinua kola dhidi ya mwanga. Ikiwa mwanga unapenya kwenye mkunjo katika kipande cha juu pekee, kola inageuzika. Ikiwa vipande vyote viwili vimetoboka, kugeuza ni kumdanganya mteja, kwa sababu tundu litahama tu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapo ni kola mpya au hakuna kazi.

Baada ya uchunguzi huja alama. Jaketi hukunjwa katikati, kingo zake mbili za mbele zikutane, na chaki ikaweka nukta katikati ya shingo kwa nyuma, kwenye mwili wa jaketi na kwenye kola. Alama nyingine mbili huwekwa pale ncha za kola zinapoanzia upande wa kifua. Wapo wanaoiruka hatua hii kwa kuliamini jicho. Kosa lao huonekana mwishoni, kola ikiwa imevutwa upande mmoja kama kichwa cha mtu aliyelalia shingo vibaya, na wakati huo hakuna la kufanya ila kufumua upya.

Kufumua kwenyewe hufanywa kwa wembe, na wembe ndio unaoharibu jaketi nyingi kuliko cherehani. Jinzi ni ngumu lakini nyuzi zake zikikatwa mahali pamoja, kitambaa huachana. Njia salama ni kukata mshono mmoja, kuiruka mitatu au minne, kukata mwingine, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha kuuvuta uzi wa upande wa pili utoke mzima. Unaofunguliwa ni mshono wa shingoni tu. Ukingo wa nje wa kola hauguswi.

Ndani ya mshono uliofunguliwa hukutwa vumbi na uchafu wa miaka, ambao hauna budi kupigwa brashi na kuoshwa kabla ya jambo lolote. Kola hupigwa pasi hadi alama ya mkunjo wa zamani ilale. Ikiwa mahali pa mkunjo pamekuwa pepesi, kiraka huwekwa ndani, kati ya vipande viwili. Wengi hukosea hapa kwa kutumia jinzi nyingine nzito wakidhani wanaimarisha. Matokeo yake ni kola nene isiyokubali kukunjika. Kiraka kinachofaa ni cha pamba nyembamba, cha shati kuukuu kwa mfano, kikashikizwa kwa mishono ya kwenda na kurudi kwa uzi unaokaribia rangi ya kitambaa.

Kisha kola hugeuzwa na kurudishwa mahali pake, alama ya katikati ikikutana na ya katikati, na kupigwa bandi, yaani ile mishono mirefu ya mkono ya kushikiza kwa muda. Bandi huanzia katikati ya shingo ikaelekea ncha moja, ikarudi katikati na kuelekea ncha ya pili. Anayeanzia ncha moja hadi nyingine hukuta kitambaa kimemzidi mwishoni kwa nusu inchi asijue kilikotoka.

Mshono wa cherehani unaofuata ni lazima upite juu ya mstari ule ule wa zamani. Sharti hili si la usafi wa kazi tu. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani ya mshono hakikuwahi kupauka. Bado kina buluu yake ya kiwandani. Mshono mpya ukipita milimita mbili nje ya mstari, utepe mweusi wa buluu hujitokeza kuzunguka shingo, pamoja na safu ya matundu ya sindano ya kwanza, na kila mtu atajua kwamba jaketi limepita mikononi mwa fundi.

Hata mshono ukiwa safi, mambo mawili hubaki. La kwanza ni rangi. Upande uliogeuzwa haujawahi kuchomwa na jua, hivyo kola huwa na buluu iliyoiva kuliko mabega inayolalia. Wapo wateja wanaopenda tofauti hiyo na hata kuiomba. Asiyeipenda ana njia mbili. Moja ni msasa laini, unaopitishwa kidogo kidogo kwenye kingo na kwenye mkunjo mpya, mahali ambapo kola ingepauka yenyewe. Nyingine ni dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo ni ya haraka na ya hatari. Klorini hailambi nili pekee. Hula pia pamba, na kola iliyoachwa humo kupita kiasi huchanika baada ya miezi michache kana kwamba ni karatasi. Anayelazimika kuitumia aizimue kwa maji mengi, ahesabu dakika, na kusuuza mara kadhaa. Msasa ndio bora, ijapokuwa unachosha mkono.

La pili ni ile tofauti ya milimita mbili au tatu. Kipande kilichokuwa chini, ambacho ni kidogo, sasa kiko juu, na kile kikubwa kimekwenda chini. Ncha za kola huanza kupinda kwenda juu kama masikio. Pasi na kitambaa kibichi huzishusha kwa siku chache, lakini zikifuliwa huinuka tena. Tiba ya kweli ni kufungua ukingo wa nje pia, kukipunguza kidogo kipande kilichokwenda chini, na kukishona upya. Hiyo ni kazi mara mbili, na fundi aliyekubali bei ya kugeuza tu huwa amejiumiza mwenyewe.

Kwa sababu hiyo baadhi ya mafundi huona heri kutengeneza kola mpya. Swali ni kitambaa kitoke wapi, kwa kuwa jinzi mpya ya dukani haifanani kamwe na jaketi lililokwisha kufuliwa mara mia. Jibu zuri kuliko yote limo katika jaketi lenyewe, endapo mwenyewe anataka kizibao. Vijana wengi wa bodaboda huvaa kizibao cha jinzi juu ya sweta, na kukitengeneza maana yake ni kukata mikono ya jaketi. Mikono miwili iliyokatwa inatosha kutoa vipande vyote viwili vya kola, na rangi yake imepauka kwa kadiri ile ile, jua lile lile na sabuni ile ile. Fundi aliyeitupa mikono kabla ya kuitazama kola amekosa busara.

Kipande cha mkono hutumiwa kwa kuangalia mwelekeo wa nyuzi. Ile mistari ya mshazari inayoonekana katika jinzi iwe na mwinamo unaofanana na ya mgongo, la sivyo kola itaakisi mwanga kwa namna nyingine na kuonekana ya kuazima hata kama rangi ni moja.

Kizibao hicho pia ndicho kinachofaa zaidi kwa mageuzi ya pili yanayowafaa waendesha pikipiki: kuiacha kabisa kola ya kukunjwa na kuweka ya kusimama, fupi, inayozunguka shingo kama ile ya kanzu za Kichina. Kola ya namna hiyo haipeperuki, haigongani na helmeti, na ikifungwa kifungo upepo hauna mlango. Kimo cha inchi moja na nusu kinatosha. Ikifika mbili humchoma mtu kidevuni anapogeuka kutazama nyuma, na mwendeshaji asiyeweza kutazama nyuma yu hatarini.

Kipimo chake hakichukuliwi kwenye shingo ya mteja. Huchukuliwa kwenye mshono wa shingo ya jaketi, kuanzia ukingo mmoja wa mbele hadi wa pili, utepe ukisimamishwa kwa ubavu wake ili ufuate mpindo. Kwa mwanamume wa wastani urefu huo huwa kati ya inchi 18 na 20, na nusu inchi huongezwa kila upande kwa ajili ya mshono. Jambo linalosahauliwa ni umbo. Kola iliyokatwa kama utepe ulionyooka husimama wima na kuachana na shingo, ikawa kama ndoo iliyotiwa mtu. Ncha zake za mbele zikipandishwa kidogo, kama nusu inchi au zaidi, utepe ukawa na mpindo wa upinde, kola huegemea shingoni yenyewe.

Njia ya tatu ni ya kupendezesha zaidi kuliko kuokoa: kukivika kipande cha juu cha kola kitambaa kingine, hasa kodroi au manyoya ya bandia. Si uzushi wa barazani. Kampuni ya Lee ya Marekani iliwahi kutoa jaketi lake mashuhuri la Storm Rider likiwa na kola ya kodroi na bitana ya kukinga baridi. Mpakani kodroi hiyo hupatikana katika suruali za fagia ambazo hakuna aliyezitaka. Tahadhari ni moja: malaika ya kodroi yaelekee upande mmoja, kwani yakipingana kola huonekana ya rangi mbili.

Njia yoyote itakayochaguliwa, cherehani ndiyo itakayoamua. Mashine nyeusi za kukanyaga kwa mguu, za Singer au Butterfly, zina nguvu ya kupita jinzi mradi zisiharakishwe. Mahali kola inapokutana na ukingo wa mbele tabaka za kitambaa zaweza kufika nane, na hapo sindano nyembamba ya nambari 11 au 14 huvunjika mara moja. Nambari 16 ndiyo ya kawaida kwa jinzi, 18 kwa sehemu nene. Kabla ya kushona, mahali hapo hugongwa kwa nyundo juu ya ubao hadi palale, na kipande cha sabuni kavu au mshumaa kikapakwa juu yake ili sindano iteleze. Sindano ikifika hapo, mguu huondolewa kwenye kanyagio na gurudumu likazungushwa kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Kwa anayekosa uzi mnene wa dhahabu, nyuzi mbili za kawaida zilizopitishwa pamoja katika tundu moja la sindano huleta sura ile ile.

Malipo ni jambo linaloleta ugomvi kuliko sindano. Mteja huona kola kuwa kitu kidogo, na hushangaa kutajiwa bei inayokaribia ile aliyonunulia jaketi. Mazoea mema ni fundi kueleza mbele ya mteja, kabla ya kugusa wembe, iwapo anageuza, anabadilisha au anaondoa, rangi itakuwaje, na nani atakayebeba hasara kitambaa kikichanika wakati wa kufumua. Jaketi lililokwisha kuoza kwa klorini au jua linaweza kuachana mikononi mwa fundi bora, na asipokuwa amesema mapema, atalilipa.

Juu ya hesabu hizo za barazani kuna nyingine kubwa zaidi, zinazofanywa katika miji mikuu. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba katika masoko yao kwa hatua, lengo likiwa 2019. Rwanda ilipandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola ya Marekani hadi dola 2.5 kwa kilo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, na nchi za jumuiya zikakumbushwa kwamba zinauza mavazi Marekani bila ushuru chini ya sheria ya AGOA ya mwaka wa 2000. Kenya, ambayo viwanda vyake vya Athi River hushona jinzi kwa ajili ya soko hilo hilo, ilijiondoa katika mpango huo 2017. Rwanda haikurudi nyuma, na Julai 2018 mavazi yake yakaondolewa katika msamaha wa ushuru.

Kenya yenyewe ilisimamisha uingizaji wa mitumba Machi 2020 kwa hofu ya ugonjwa wa Covid-19, ikaufungulia tena Agosti mwaka huo. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2023, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitangaza kwamba nchi yake itapiga marufuku mivumba, kama yanavyoitwa huko, akisema ni nguo za watu waliokufa. Aliyasema hayo katika eneo la viwanda la Mbale. Kutoka Lwakhakha hadi Bumbobi, mlangoni mwa Mbale, ni barabara ya takriban kilomita 45. Kwa wenye cherehani mpakani, hayo hayakuwa maneno ya mbali.

Mjadala huo huendeshwa kana kwamba una pande mbili tu, wauzaji wa mitumba na wenye viwanda vya nguo. Fundi hahesabiwi popote. Wapo wanaomweka upande wa mitumba kwa kudhani kwamba bila nguo kuukuu hana kazi, lakini hoja hiyo haielezi mambo kikamilifu. Jaketi jipya lililoshonwa nchini kwa pamba imara litachakaa kola vile vile baada ya miaka mitano, na mwenyewe atalileta barazani. Eneo hili lenyewe lilikuwa la pamba. Malakisi, jirani ya Lwakhakha, palikuwa na kiwanda cha kuichambua. Rivatex ya Eldoret, iliyoanguka na kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi 2007, ilizinduliwa upya kwa mitambo ya kisasa 2019. Pamba ikirudi mashambani na kitambaa kizito kikafumwa, fundi hapotezi chochote.

Kinachomnyima kazi ni nguo ya aina nyingine, mpya na ya bei ya chini, inayoletwa kutoka ng'ambo ikiwa imechanganywa pamba kidogo, poliesta nyingi na nyuzi za mpira. Jaketi la aina hiyo lina sura ya jinzi dukani, na wembe ukilifumua mara moja, matundu ya sindano huwa mipasuko. Kola yake haigeuziki.

Kwa hiyo kabla ya kukubali kazi, fundi hulishika jaketi kwa vidole gumba viwili karibu na shingo na kuvuta. Jinzi ya pamba tupu hukaza ikatulia. Ile yenye mpira hunyooka, ikarudi taratibu mikononi mwake, naye humrudishia mwenyewe jaketi lake, wembe ukiwa bado umefungwa katika karatasi.